Mashine Iliyogoma Msimu wa Maombi

Steshenari yangu ya hapa Majengo, Sumbawanga, huishi mwaka mzima kwa kazi ya miezi mitatu. Kuanzia Juni hadi Agosti vijana waliomaliza kidato cha sita hutafuta pa kujazia fomu za Bodi ya Mikopo. Mahindi ya Ufipa yameshatoka shambani, wazazi wana chochote mkononi. Baridi nayo inakuwa kali, maana tuko juu zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na upepo unasomba vumbi hadi ndani ya droo. Wateja wengine hupanda kutoka Muze na Mtowisa, kule bonde la Ziwa Rukwa. Wengine hutoka Matai na Kasanga. Mtu aliyekuja kwa nauli ya kuungaunga humwambii arudi wiki ijayo.

Mashine yangu, kompyuta ya mezani, ilikuwa na RAM zenye jumla ya GB 2, na fomu ya mkopo ina mizunguko: inajazwa mtandaoni, inachapwa, inapelekwa kugongwa mihuri, inarudi, inaskaniwa, inapandishwa tena. Katikati ya mizunguko hiyo mashine ilikuwa inaganda. Nikakopa kwenye kikoba chetu, nikaagiza RAM mbili za GB 4 kila moja kutoka duka moja la Dar es Salaam. Niliwatumia picha ya RAM niliyokuwa nayo ili walinganishe. Mzigo ukaja kwa basi kupitia Mbeya na Tunduma.

Nikazipachika, nikawasha. Feni zikazunguka, taa ya mbele ikawaka, kioo kikabaki cheusi. Nikazitoa, nikarudisha zile za zamani. Cheusi vilevile. Hapo miguu ikaniisha nguvu, kwa sababu asubuhi ile ile RAM hizo za zamani zilikuwa zinafanya kazi.

Fundi niliyemwita aliinama kidogo tu akasema, "Dada, mazabodi imekufa. Niuzie kasha nitoe spea." Maneno yake yalikuwa na mantiki. Mji wetu kwa miaka mingi umetegemea umeme unaonunuliwa Zambia, na kila mwenye friji hapa anajua maana ya umeme kuyumba. Nilimwomba anipe muda. Usiku nilisali, nikalia, nikapiga hesabu ya marejesho ya kikoba na ada ya mtoto, na hesabu haikukubali.

Aliyenishika mkono kwanza ni jirani mwenye steshenari upande wa pili wa barabara, mtu tunayegombania naye wateja kila siku. Alikuja mwenyewe akaniambia, "Mama, mimi nafunga jioni. Chukua ufunguo, tumia mashine yangu mpaka usiku." Fomu za wateja wangu zikajazwa dukani kwake, na hakunidai hata ya umeme. Nikilisimulia jambo hili bado koo linanikaba.

Wa pili ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anayetunza kompyuta za ofisi huko Mbeya. Nilipompigia alisema, "Shemeji, usimuuzie mtu yeyote. Toa RAM zote, ibaki tupu. Washa hivyo hivyo, uniwekee simu karibu nisikie."

Nikatoa zote, nikawasha. Ikapiga bipu, ikarudia, ikarudia.

"Umesikia? Inalia. Ingekuwa mazabodi imekufa isingelia."

Nilielewa baadaye alichomaanisha. Kabla kompyuta haijaleta picha yoyote, programu ndogo iliyomo kwenye chipu ya mazabodi hukagua vifaa. Ikikosa RAM haiwezi kuendelea hata kuandika neno kwenye kioo, ndiyo maana wenye kuitengeneza waliiwekea spika ndogo itoe taarifa kwa mlio. Ili mlio huo utoke, prosesa lazima iwe inafanya kazi na pawasaplai iwe inaipa umeme. Kwa hiyo bipu ile ilinipa nusu ya jibu bila kununua kitu.

Nusu iliyobaki tuliitafuta polepole. Chomoa waya wa umeme. Bonyeza swichi na uishikilie, umeme uliobaki ndani uishe. Shika chuma cha kasha kwanza kabla ya kugusa RAM, kwa sababu katika kiangazi hiki kikavu, na kwa sweta tulizovaa, mwili unabeba umeme tuli wa kutosha kuunguza chipu bila wewe kuhisi lolote. Kisha nikasugua meno ya dhahabu ya RAM ya zamani kwa raba ya penseli, nikafuta unga wake, nikapitisha brashi laini kavu ndani ya sloti. Vumbi lililotoka humo lilinishangaza. RAM moja, sloti moja, washa, andika matokeo kwenye daftari. Ya kwanza ikaleta picha. Nilipiga kelele hadi jirani akatoka nje.

Basi RAM za zamani na mazabodi vilikuwa vizima. Vumbi ndilo lililoingia kati wakati wa kutoa na kuweka. Lakini nilipojaribu zile mpya katika sloti hizo hizo safi, bipu ikarudi. Kumbe yalikuwa matatizo mawili yamelaliana, la pili likifunika la kwanza, na mtu anayebadilisha vitu viwili kwa mpigo hawezi kuyatenganisha.

"Shemeji, nisomee stika yote, usiruke hata herufi," alisema.

Ya zamani iliandikwa PC3-10600U. Mpya, PC3-10600R.

Akanyamaza kidogo. "Hiyo ni RAM ya seva."

Zote ni DDR3, zina pini 240, na pengo la katikati ya meno liko mahali pale pale, ndiyo maana iliingia bila kulazimishwa. Ila RAM yenye R ina chipu ya ziada katikati inayopokea amri kutoka kwenye prosesa na kuzigawa kwa chipu nyingine, ili seva iweze kubeba RAM nyingi kwa pamoja. Kompyuta ya kawaida ya mezani haijui kuongea na chipu hiyo. RAM ilikuwa nzima, mashine ilikuwa nzima, na bado havikuweza kufanya kazi pamoja.

Duka lilikataa kurudisha pesa, likakubali kubadilisha, nauli ya mzigo juu yangu. Zilipokuja zenye U, nilizipachika moja moja, nikaacha programu ya kupima kumbukumbu izikague usiku kucha. Asubuhi hakukuwa na kosa hata moja, na mashine ilisoma GB 8. Fomu zote nilizokuwa nimepokea zilipanda kabla dirisha la maombi halijafungwa. Kikoba nilimaliza kukilipa baadaye, kwa kuchelewa na kwa faini, lakini nilikilipa.

Jirani naye ameamua kuongeza RAM. Tumeagiza pamoja, na kwenye karatasi tuliyompa mpokea mizigo wa basi namba ya stika imeandikwa yote, herufi U imepigiwa mistari miwili.