Barua kutoka Kamembe: Gitaa la Mkono wa Kushoto

Mjomba,

Mimi niko Kamembe, wilaya ya Rusizi, hapa ambapo wazee bado wanapaita Cyangugu. Nilipanda basi Kigali alfajiri, tukapita Huye, kisha tukaingia msitu wa Nyungwe na kukaa humo muda mrefu, kona juu ya kona, baridi na ukungu, nyani wamekaa kando ya lami wakitazama magari. Ukitoka msituni unapokewa na mashamba ya chai ya Gisakura, halafu Ziwa Kivu linajitokeza chini. Kamembe yenyewe iko juu kilimani: soko, benki, gereji, pikipiki nyingi na uwanja mdogo wa ndege. Bondeni mto Ruzizi unatoka ziwani kuelekea Tanganyika, na ng'ambo yake ni Bukavu. Watu wanavuka daraja asubuhi na kurudi jioni na mizigo yao, na biashara nyingi inakwenda kwa Kiswahili, kwa hiyo sikupata shida ya kuongea na mtu.

Ila sikukuandikia kwa ajili ya njia. Nimekuandikia kwa sababu ya maneno uliyoniambia barazani kabla sijaondoka, kwamba gitaa la umeme la maana halitatoka kamwe kwenye mikono ya seremala wa kwetu. Litatoka Marekani au Japani, na yanayobaki ni makopo. Nimeona kazi hapa, Mjomba, na kwa heshima zote nitakubishia.

Fundi ninayekaa naye ni seremala wa vitanda na makabati. Karakana yake iko nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi, ina benchi mbili, jiriwa kubwa na mlango mpana unaotazama magharibi. Kijana mmoja anayepiga solo kwenye kwaya ya Bukavu alimletea oda ya gitaa zima, kuanzia mbao mpaka waya. Kijana huyu anatumia mkono wa kushoto. Miaka yote amekuwa akigeuza gitaa la kawaida juu chini na kupanga nyuzi upya. Wewe unajua maana yake: vifungo vya sauti vinakaa juu, vinamchokoza mkono kila anapokung'uta, na lile kato la kufikia noti za juu linabaki upande usio na faida kwake. Dukani, Kigali na Bukavu, la kushoto alilitafuta akakosa.

Kazi ya kwanza haikuwa kukata. Fundi alimketisha kwenye kiti kisicho na mikono, akampa ubao mtupu uliokatwa umbo la gitaa, akamwambia ajifanye anapiga. Kijana akaona haya mwanzoni, kisha akaanza kuimba polepole wimbo wa kanisani na vidole vikafuata. Hapo ndipo fundi alipochukua chaki na kuchora pale mkono unapokatiza ukingo wa ubao, pale kiwiko kinapoishia, na pale kidole gumba kinapotulia nyuma ya shingo. Sijawahi kuona mpiga gitaa akipimwa namna hiyo.

Nikakumbuka hadithi zako za enzi ya dansi. Vyombo vilikuwa vya bendi, au vya jumuiya iliyoimiliki bendi, kama ilivyokuwa NUTA Jazz na chama cha wafanyakazi. Mwanamuziki akihama, anaondoka na vidole vyake tu, gitaa linabaki stoo likimngoja mwingine. Ulinisimulia shingo nene iliyokuwa ikikuumiza kidole gumba, nawe ukaizoea kwa kuwa hukuwa na njia nyingine. Muziki wetu mwingi umepigwa hivyo, kwa vyombo vilivyokatwa kwa mkono wa mtu asiyetujua. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa katika karakana hii, kuliko hata ule uzuri wa mbao.

Lakini mbao nazo nzuri, lazima niseme. Mwili ni libuyu, ile nyekundu-kahawia inayovuka kutoka misitu ya Kongo. Ni ndugu wa mkangazi wetu. Nyungwe nayo ina mti wa ukoo huo, wanauita umuyove, ila ule msitu ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na mwaka 2023 UNESCO iliutia katika urithi wa dunia, kwa hiyo hakuna seremala anayeugusa. Kifua cha gitaa kimetoka kwenye mgrevilea, mti ule ule wa Australia unaotia kivuli kahawa kule Kilimanjaro. Huku umepandwa kila mpaka wa shamba. Marekani wangeweka mepo, mti wa nchi za baridi. Mgrevilea ukipasuliwa kufuata mstari unaotoka moyo wa gogo kwenda kwenye ganda, uso wake unajaa madoa yanayometa. Fundi alichana ubao mmoja kuwa vipande viwili, akaviunganisha ubavu kwa ubavu ili madoa ya kushoto yatazamane na ya kulia.

Nilipofika nilimhimiza aanze. Akagonga ubao kwa kifundo cha kidole, akausikiliza, akasema, "Haiyakauka bado," kwa Kiswahili cha upande wa pili, kisha akaenda kumalizia kitanda cha watu. Hapa mvua ni nyingi, na mbao iliyochongwa mbichi itajipinda baadaye hata uifunge kwa vyuma. Akaleta nyingine, iliyokuwa juu ya dari zaidi ya mwaka, imepangwa na vijiti katikati ili upepo upite.

Sasa kuchonga kifua chenyewe. Ubao una milimita 18 katikati na utashuka hadi 8 ukingoni, kwa mwinuko unaozunguka mwili wote na kujikunja kidogo ndani kabla ya kufika pembeni. Fundi alichora duara ndani ya duara, akatoboa vishimo kwa keekee, kila duara kwa kina chake, kisha akashusha mbao hadi mwisho wa vishimo. Matokeo ya kwanza yalikuwa ngazi kavu, kama matuta waliyokata kwenye vilima vya hapa ili udongo usiteremke ziwani. Ndipo patasi ya mviringo ikaingia kuondoa kingo za ngazi, baadaye randa ndogo inayotosha kiganjani, na mwisho kipande cha msumeno wa zamani alichokinoa ukingo wake, ambacho kinatoa unyoya wa mbao mwembamba kuliko karatasi. Vumbi la mgrevilea linawasha ngozi, kwa hiyo shati lake lina mikono mirefu na amefunga mpira kwenye vifundo.

Nilikaa karibu kuangalia doa moja kubwa karibu na mahali pa daraja. Katikati, penye usawa, lilikuwa pana na linang'aa. Kila patasi iliposhuka kuelekea ukingoni, madoa jirani yake yalipungua upana, yakawa mistari, kisha yakafifia kabisa, kwa kuwa pale kwenye mteremko chuma kilikuwa kimeacha kwenda sambamba na ile mishipa inayotoka moyoni mwa mti. Kwa hiyo mwinuko unaonekana hata ukitazama kwa mbali, bila rangi yoyote.

Jioni jua linapoingia mlangoni kwa ulalo, fundi anazima taa. Kila tuta na kila bonde dogo linatupa kivuli, naye analizungushia penseli. Pale ilipokuwa alama ya chaki ya mkono wa kushoto, alishusha zaidi kuliko mahali pengine. Mkono wa yule kijana utalala hapo bila kukatwa na ukingo.

Usinielewe vibaya, Mjomba, sisemi kwamba mchongo huu ndio unaoleta sauti. Kwenye fidla, ambayo ndani ina uwazi, mwinuko wa kifua una kazi kubwa, na ndiko Orville Gibson wa Kalamazoo, Michigan, alikoitoa fikra yake alipokata hataza ya mandolini mwaka 1898. Gitaa la umeme lisilo na tundu linasikika zaidi kwa nyuzi na pikapu. Kampuni ya Gibson ilipotoa gitaa la Les Paul mwaka 1952, mkuu wake Ted McCarty alieleza baadaye kwamba kifua cha mwinuko kilichaguliwa pia kwa sababu Fender, mshindani wao, hakuwa na mashine za kukichonga. Ulikuwa uzuri, na ulikuwa biashara.

Ila uzuri huo una masharti. Kifua kikiinuka, daraja linakaa juu zaidi, na nyuzi lazima zifike huko; basi shingo haiwezi kulala sambamba na mwili, inabidi irudi nyuma kidogo, karibu digrii 4. Les Paul za mwanzo kabisa shingo zake zilirudi nyuma pungufu, ikabidi nyuzi zipite chini ya daraja badala ya juu, na mpiga solo hakuweza kuzizima kwa kiganja. Mwaka uliofuata walirekebisha. Fundi wetu nilimsimulia kisa hicho, naye hakushangaa. Kabla ya kutia gundi alilaza rula ndefu ya chuma juu ya shingo na kuangalia inaangukia wapi penye daraja, akachomoa ulimi wa shingo, akakwangua unyoya mmoja, akaurudisha. Alifanya hivyo asubuhi nzima. Wateja wawili wa makabati waliondoka wamenuna.

Kuhusu freti sitakuchosha, ingawa huko ndiko nilikosaidia. Urefu wa uzi ni milimita 628. Unaugawa kwa 17.817 na unapata 35.25, hapo ndipo freti ya kwanza. Kinachobaki unakigawa tena kwa namba ile ile, na kuendelea, na freti ya 12 ikiangukia 314, nusu kamili, ujue hesabu haikupotea. Tulifanya kwa kikokotoo cha simu, tukaandika zote 22 kwenye ubao wa ukuta, fundi akakata mifereji kwa msumeno mwembamba. Ubao wa freti umetoka kwenye meza ya zamani, mti mzito mweusi. Nilitamani mpingo wetu, lakini tangu Januari 2017 jamii yake yote iko chini ya mkataba wa CITES, na kuvusha kipande kibichi mpakani kunataka vibali. Ndani ya shingo kuna ufito wa chuma wenye nati kichwani, kwa kuwa nyuzi sita zikikazwa zinavuta karibu kilo 45.

Sitakuficha: funguo, daraja, pikapu na nyuzi vimetoka China kupitia Kigali. Pikapu ni zile za koili mbili, kama Seth Lover alivyozibuni Gibson katikati ya miaka ya 1950, koili moja ikisukwa kinyume cha nyingine ili ule mvumo wa umeme ujifute. Tulipoweka kwanza koili moja peke yake kujaribu, amplifaya ilivuma kwa nguvu, na fundi akacheka, "Hiyo ni Ruzizi inaimba." Hakukosea. Mto huo una mabwawa mawili ya umeme, la kwanza la mwishoni mwa miaka ya 1950 na la pili la 1989 ambalo Rwanda, Burundi na Kongo wanalitumia pamoja. Tukaunga koili ya pili, mvumo ukanyamaza.

Najua utasema gitaa moja halitoshi kuthibitisha hoja yangu. Lakini kule Kinshasa Misoko Nzalayala, wanayemwita Socklo, ametengeneza magitaa ya umeme kwa miongo mingi, na wanamuziki wameyapeleka jukwaani. Franco mwenyewe, nyota wa gitaa wa Kongo, alianzia kwenye kopo alilolifunga nyaya. Na mwaka ule ule wa 1952 Les Paul ilipoingia dukani, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimkuta Jean Bosco Mwenda kule Katanga na kumrekodi akiimba kwa Kiswahili na gitaa lisilo la umeme, vidole vikifanya kazi ya watu wawili. Wapigaji hatujawahi kukosa. Seremala wa kushusha milimita mbili kwa ajili ya kiwiko cha mpigaji ndiye tuliyemkosa, na huyu wa Kamembe ana kazi ya makabati tu kwa sababu hakuna aliyemwomba zaidi.

Kwa hiyo nina ombi. Fundi anao ubao mwingine wa mgrevilea uliokauka, na nimeshampa arubuni ya gitaa lako jipya. Chukua uzi, uzungushe kwenye shingo ya gitaa lako la sasa pale freti ya kwanza, ukate. Fanya hivyo pia pale freti ya 12, uandike kipi ni kipi. Kisha keti kwenye kiti cha jikoni, si kile cha barazani chenye mikono, shika gitaa kama unavyopiga solo, na binamu akupige picha kwa mbele na kwa ubavu, mkono wa kulia uonekane wote. Uniambie pia hicho kidole gumba kinauma sehemu gani hasa, kwenye kifundo au kwenye nyama. Rangi utachagua wewe. Ukiniuliza mimi, ningepaka vanishi tupu.

Wako mpwa,
Kamembe