Ngogo Mdogo wa Tangi la Sebuleni

Ngogo mdogo ambaye wataalamu humwita Synodontis lucipinnis ni samaki wa kusini mwa Ziwa Tanganyika. Urefu wake ni kama sentimita 10, mwili umejaa madoa meusi, na mchana hujibana kwenye nyufa za miamba. Kwa miaka mingi aliuzwa kama Synodontis petricola, ndugu yake wa kaskazini, hadi Jeremy Wright na Lawrence Page walipomtenga kuwa spishi ya peke yake mwaka 2006.

Ufugaji wake nyumbani nao umebadilika. Hapo zamani, katika sebule moja ya Dar es Salaam, aliwekwa bila wenzake wa aina yake kwenye tangi la kioo lenye changarawe na taa kali, pamoja na samaki wa rangi wepesi kukimbilia chakula. Alishinda nyuma ya chujio, na wageni wengi waliondoka bila kumwona.

Baadaye changarawe ikaondolewa, ukawekwa mchanga laini usiokwaruza sharubu. Yakaongezwa mawe ya chokaa, ambayo pwani hayana shida kupatikana. Hayo husaidia maji yasipoteze ugumu wala kushuka pH, kwani maji ya Tanganyika yana pH inayokaribia 9. Vyungu vilivyopasuka vikawa mapango. Taa ikapunguzwa, na chakula kikatolewa jioni baada ya samaki wengine kutulia.

Lakini kilicholeta tofauti kubwa ni wenzake. Ngogo hawa ni samaki wa kundi, na woga unaodhaniwa kuwa tabia yao mara nyingi ni upweke. Walipoongezwa wengine, walianza kutoka hata mchana, wakipita juu ya mawe na kusukumana mlangoni mwa chungu. Inapendeza sana kuwatazama.

Kumhamisha kunataka uangalifu. Miiba ya mapezi yake hunasa kwenye wavu na kumjeruhi, kwa hiyo ni afadhali kumkinga kwa chupa pana ya plastiki. Akishikwa hulia kwa kusugua mashina ya miiba ya kifuani.

Huzaliana hata katika tangi. Jike hutaga mapangoni, na wazazi hula mayai yao wenyewe wakiyafikia. Wafugaji huweka sahani yenye gololi ndani ya chungu ili mayai yadondoke katikati ya gololi, kisha huitoa sahani na kuyaangulia katika tangi jingine.