Tarehe 24 Februari, na Bibi Yangu

Kama una binamu Dar au Nairobi, tarehe 5 Oktoba simu yako hujaa picha za Siku ya Walimu Duniani. Siku hiyo ilianza kuadhimishwa 1994, kukumbuka mapendekezo ya UNESCO na Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1966 kuhusu haki za walimu. Sisi Oman tuna yetu: tarehe 24 Februari. Watoto wanapeleka maua na keki skuli, hotuba zinasomwa, na lazima utaisikia ile hesabu: mwaka 1970, Sultan Qaboos aliposhika nchi, Oman nzima ilikuwa na skuli tatu za serikali na wanafunzi 909. Wote wavulana.

Tatu! Moja Maskati, moja Matrah, moja Salalah. Aliyetaka mwanawe asome zaidi alimpeleka Bahrain, Kuwait, Misri. Au alikuwa na jamaa zake Unguja, na huko ndiko hadithi hii inapoingia nyumbani kwetu.

Baada ya 1970 skuli zilifunguliwa mbio mbio, nyingine kwenye mahema, nyingine chini ya miti. Shida ikawa walimu. Wakaletwa kutoka Misri, Jordan, Sudan, na hao wanastahili kila shukrani wanayopewa. Lakini kulikuwa na kundi jingine: Waomani wa Zanzibar, waliotawanyika baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, sasa "wanarudi" (neno la ajabu kwa mtu aliyezaliwa Mkunazini). Walikuja na vyeti na Kiingereza, na miongoni mwao walikuwamo wanawake waliosoma, wakati ambapo huku skuli za wasichana ndiyo kwanza zinafunguliwa. Mie kwenye hotuba za tarehe 24 bado sijawasikia wakitajwa.

Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa keshasomesha Unguja kabla ya kufika Maskati 1973. Akapewa darasa la Kiingereza. Kiingereza chake hakikuwa na wasiwasi, tatizo Kiarabu. "Mwanangu, mie nilijua cha kusalia tu," ananiambia. Wasichana wake wakawa wanamfundisha wakati wa mapumziko. Wengine walikuwa na miaka kumi na nne, kumi na tano, wamekaa na vitoto vya miaka saba, maana hapo kabla hapakuwa na pa kwenda. Anasema hao wakubwa ndio walioshika haraka, kama watu wenye njaa.

Ila kuna kitu hakukisema mpaka juzi juzi. Mwalimu mkuu wake aliwakataza yeye na wenzake kuongea Kiswahili uwanjani. Wakawa wananong'ona, watu wazima, nyuma ya darasa. Na nyumbani akaanza kumsemesha mama yangu Kiarabu tu, hicho hicho alichofundishwa na wanafunzi wake. Ndiyo maana mama anaelewa Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiarabu, mpaka leo. Naamini wengi wenu mnaye mtu kama huyo nyumbani.

Simlaumu Bibi. Nani anataka mwanawe achekwe skuli? Lakini nilipozaliwa mie alikuwa karibu kustaafu, hana tena wa kumuogopa. Akaninunulia ubao mdogo na chaki, kila alasiri jikoni, huku sufuria ya muhogo wa nazi iko motoni: a, e, i, o, u. Niliandika "kuku" kabla sijaandika jina langu.

Leo walimu wa Oman wengi ni Waomani wenyewe. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilipofunguliwa 1986, kitivo cha elimu kilikuwa miongoni mwa vile vya mwanzo. Wanafunzi wa Bibi nao wana wajukuu. Tarehe 24 wanampelekea salamu za WhatsApp kwa Kiarabu kizuri, naye anawajibu kwa sauti, na lafudhi yake ya Unguja haijatoka hata kidogo, miaka hamsini sasa.

Februari hii nitamrekodi kwa ajili ya podikasti. Keshakubali, kwa masharti mawili: asikatizwe, na asiulizwe umri. Nikamuuliza tuzungumze kwa lugha gani. Akanitazama vile walimu wanavyotazama. "Unaniuliza mie?"