Kabla ya Kuiandika Barua

Barua yenyewe ilitakiwa iwe fupi. Kamati ya msikiti wetu hapa Newala iliazimia, katika kikao kilichofanyika baada ya sala ya Isha, kwamba kina mama wanaouza vyakula kando ya ukuta wa msikiti waondoke ndani ya siku kumi na nne. Sababu zilitajwa moja baada ya nyingine: maganda yanazagaa, moshi wa kuni unaingia ndani wakati wa sala, na siku ya Ijumaa njia ya waumini huziba. Ikasemwa pia, kwa sauti ya chini, kwamba mmoja wao anauza maji ya mabibo yaliyokwisha kuchacha. Sisi, tukiwa katibu, tukapewa kazi ya kuandika. Hakuna aliyepinga, wala sisi hatukupinga.

Kilichotuzuia kuiandika usiku ule ule ni mweka hazina wetu, mzee wa rika la baba zetu. Alitushika mkono mlangoni tulipokuwa tukivaa viatu, akasema, "Ustadhi, kabla hujawaandikia watu barua, kale kwanza chakula chao."

Basi kesho yake, baada ya sala ya Alfajiri, tukatoka sisi wawili kwa miguu. Ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba, wakati ambapo ming'oko ya mwisho hukutana sokoni na mabibo ya kwanza. Anayeijua Newala anaijua pia baridi yake ya asubuhi na ule upepo unaopanda kutoka bondeni. Mjerumani mmoja mtafiti, Karl Weule, alikaa hapa mwaka 1906 akichunguza mila za Wamakonde na Wayao, na upepo huo ulimsumbua kiasi cha kuuandika kitabuni. Mzee aliposikia hayo alicheka, akasema kwamba Mjerumani huyo hakupata mtu wa kumpa kahawa.

Kahawa tuliipata karibu na soko, chungu kama ipasavyo, pamoja na kashata ya karanga. Hatua chache mbele kulikuwa na uji wa moto, na mbele ya uji vitumbua vikigeuzwa kwa kijiti kimoja chembamba na mwanamke ambaye hakuangalia hata mara moja anachokigeuza, maana macho yake yalikuwa kwa wateja. Vilikuwa na harufu ya iliki, na kingo zake zilikuwa kavu kidogo kama tupendavyo. Tukapita kwenye mihogo ya kuchemsha, na njugu mawe zinazouzwa na maganda yake. Tukapita kwenye samaki wa kukaanga waliopandishwa kutoka pwani ya Mtwara. Hao hatukuwagusa, kwa kuwa mzee ana msimamo wake kuhusu samaki aliyesafiri.

Tulipokuwa chuoni tulisoma safari za Ibn Battuta, aliyefika pwani yetu mwaka 1331 na kuingia Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Wanafunzi wengi humkumbuka kwa habari za masultani. Sisi tulichokikumbuka asubuhi ile ni kwamba huko Mogadishu aliandika kwa makini alicholishwa: wali wa samli na vitoweo vyake, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu. Kadhi na mwanachuoni, na bado hakuona haya kuandika habari za sahani. Baadaye alisafiri hadi China, akaufikia mji wa bandari ambao Waarabu waliuita Zaytun, akakuta humo mtaa wa Waislamu. Hata leo, katika mji wa Xi'an nchini humo, mtaa wa Waislamu wa Kihui ulio jirani na Msikiti Mkuu unajulikana kwa vyakula vyake vya barabarani: mikate inayomegwa na kutiwa katika mchuzi wa kondoo, na mishikaki ya kila namna. Tulimsimulia mzee. Akauliza kama na huko kamati imeandika barua.

Kutoka sokoni tulitembea kuelekea upande wa boma. Wajerumani walikuwa na boma lao hapa, na katika Vita Kuu ya Kwanza Wareno walivuka Ruvuma wakaiteka Newala mwezi Oktoba 1916, kisha wakafurushwa mwezi uliofuata. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1917, Lettow-Vorbeck alipita maeneo haya na mabaki ya jeshi lake akavukia Msumbiji. Watu wa nyanda hii waliwabebea mizigo hao wote na kuporwa vyakula na hao wote. Mzee alisema kwamba babu yake alipoulizwa ni nani aliyeshinda vita vile, alijibu, "Njaa."

Nyuma ya kibanda kimoja tulikuta kina mama wakibangua korosho. Kazi hii si ya mchezo. Korosho ghafi humwagwa juu ya bati lililotobolewa, moto ukakolezwa, na mafuta ya ganda yanapoanza kutoka huwaka kwa kishindo na moshi mzito. Humwagiwa mchanga ili moto uzimike, kisha hugongwa moja moja kwa jiwe. Vidole vya wanaoifanya vimebabuka na kuwa vyeusi. Mti huu asili yake ni Brazili, uliletwa upande huu wa dunia na Wareno, na leo ndio unaosomesha watoto wa Newala, Tandahimba na Masasi. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mwaka 2007, mkulima hupeleka korosho zake ghalani na kusubiri mnada. Lakini mwenye miti michache, au asiye na shamba kabisa, hasubiri mnada wowote. Yeye huuza kipimo kimoja kwa mpita njia na kununua unga jioni. Wanawake wawili kati ya wale walioko ukutani kwetu ni wa namna hiyo.

Suala la mabibo lilitaka uangalifu zaidi, kwa sababu hapo ndipo lilipo neno la sheria. Kila mtu hapa anajua kwamba bibi likikamuliwa na kuachwa, huwa uraka, na uraka ukichemshwa na kukingwa mvuke wake huwa nipa. Yote mawili ni haramu na hatuna la kuongeza. Lakini maji ya tunda lililokamuliwa sasa hivi ni halali kama maji ya chungwa. Katika hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Ibn Abbas imekuja kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akirowekewa zabibu, akinywa maji yake siku ile, na ya pili, na ya tatu, kisha yakibaki humwagwa. Mafakihi wameeleza kuwa kinachotazamwa ni kulevya, na kwamba mahali penye joto kinywaji huharibika upesi zaidi. Bibi la Newala halingoji siku tatu. Tulimwendea mama aliyetuhumiwa bila kumwambia tumetumwa na nani, ingawa bila shaka alijua. Alikuwa anakamua wakati ule ule. Tulikunywa: utamu mkali, na ule ukakasi unaoshika ulimi. Tukamuuliza yakibaki inakuwaje. Akatuonyesha kwa kidevu mahali pakavu chini ya mwembe palipojaa nzi na nyuki. "Baada ya Adhuhuri namwaga pale," alisema. "Waulizeni hao nyuki." Tukarudi Alasiri bila kuaga. Ndoo ilikuwa imefunikwa kifudifudi.

Siku ya tatu tulikwenda Masasi, kwa kuwa tulisikia kuna msikiti huko uliokwisha kuwaondoa wachuuzi wake. Gari dogo lilituteremsha kutoka nyandani hadi kwenye ile tambarare yenye milima ya mawe matupu, ambayo mgeni huishangaa na mwenyeji huitumia kueleza njia. Masasi hutajwa sana katika vitabu kwa sababu ya wamisionari wa UMCA waliofika mwaka 1876 na kundi la watumwa walioachwa huru kutoka Unguja. Haitajwi sana kwamba njia zile zile za misafara kati ya Ziwa Nyasa na Kilwa, Lindi na Mikindani ndizo zilizopandisha Uislamu bara, kwa miguu ya Wayao wafanyabiashara na walimu waliolala palipowakutia usiku na kula walichopewa. Tuliuzunguka msikiti ule. Ukuta ulikuwa safi. Mahali pa wachuuzi palikuwa na pikipiki zipatazo kumi na tano, na vijana waliokuwa wakipiga muziki wakati adhana inatolewa. Mwadhini alituambia kwamba kina mama walikuwa wakinyamaza.

Jioni ya siku ya nne mzee alitupeleka Shimo la Mungu, pale ardhi inapokatika ghafla na macho kushuka hadi Bonde la Ruvuma. Hapakuwa na chakula cha kununua. Tulikuwa na ming'oko ndani ya gazeti, tuliyoichukua kwa bibi mmoja wa ukutani kwetu, aliyesema tutalipa siku nyingine. Ming'oko haipandwi. Huchimbwa porini, mizizi myembamba kama vidole, ikachemshwa, ikamenywa kwa kucha na kuchovywa kwenye chumvi na pilipili. Tulikaa tukimenya. Mzee akatuonyesha kwa mkono njia zinazoshuka.

Nyanda hii haina mto wala kijito. Mvua huzama katika mchanga na kutokea chini kabisa, kwenye chemchemi za bondeni. Kabla ya mradi wa maji wa miaka ya 1950 kuanza kuyasukuma kwa mashine, wanawake walishuka usiku na kupanda alfajiri na mtungi kichwani. "Msikiti wetu ulipojengwa mara ya kwanza ulikuwa wa udongo," alisema mzee. "Udongo haukandwi kwa mate. Mama yake huyu bibi mwenye ming'oko alikuwa miongoni mwa walioshuka huko."

Kumbukumbu za msikiti ni sisi tunaozitunza. Usiku ule tulifungua daftari la zamani kuliko yote. Wameandikwa waliotoa miti, waliotoa makuti, na baadaye waliotoa saruji na mabati, kila mmoja kwa jina lake na la baba yake. Maji hayakuandikwa.

Kikao cha pili kilikuwa kirefu, na hatutasema kwamba wote waliridhika. Mjumbe mmoja alisema tumehongwa kwa ming'oko, na kwa kuwa tulikuwa hatujailipia bado, ilikuwa vigumu kumjibu. Hata hivyo barua ilibadilika. Wachuuzi wabaki, mbele ya lango paachwe hatua sita kila Ijumaa, kuni zisiwashwe nyakati za sala, kamati inunue pipa la taka, na vijana wa madrasa walimwage kwa zamu.

Tuliipeleka wenyewe asubuhi, na hela ya ming'oko mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Hiyo karatasi sina miwani ya kuisomea. Nisomee."

Tukasoma, naye akasikiliza huku akimenya. Tulipofika kwenye hatua sita alinyanyua mkono tusimame, akajifunga kanga vizuri, akaenda langoni akageuka na kuanza kuhesabu kwa sauti. Hatua zake ni fupi. Jiko lake likabaki pale pale lilipokuwa.

"Sita," alisema. "Endelea kusoma."