Kuwadhania Mema Vijana Waliochaguliwa



Dada yetu anaishi na mumewe na watoto wao katika mji wa Edmonton, nchini Kanada. Mji huo una nafasi yake katika tarehe ya Waislamu, kwani ndiko ulikojengwa msikiti wa kwanza wa Kanada, Al Rashid, uliofunguliwa mwaka 1938. Miongoni mwa waliouhangaikia ni mwanamke aitwaye Hilwie Hamdon, ambaye yeye na wanawake wenziwe walimwendea meya kuomba kiwanja, kisha wakazunguka kuchangisha fedha. Waislamu wa huko walikuwa wachache, na zama zenyewe zilikuwa za dhiki ya uchumi duniani kote. Mwenye kuwatazama siku ile kwa macho makavu angesema kazi hiyo hawaiwezi.

Mwana wa dada yetu amezaliwa katika mji huo, na moyo wake umetekwa na timu ya Edmonton Elks. Mwezi wa Mei mwaka 2022 alituletea ujumbe wa sauti, furaha imemjaa: “Mjomba, safari hii tumechagua vizuri!”

Ilitubidi tuulize kimechaguliwa nini. Mchezo wenyewe si kabumbu tunalolijua. Mpira wao una umbo la yai, huchezwa na watu 12 kila upande, na aghalabu hubebwa na kurushwa kwa mikono. Ligi ina timu 9. Kila mwaka timu hizo huchagua kwa zamu vijana wa Kikanada, wengi wao wakitoka vyuo vikuu, na kanuni ya asili ni kwamba aliyeshindwa zaidi msimu uliopita hutangulizwa kuchagua, ingawa timu huweza kubadilishana zamu kwa mapatano. Kanuni hiyo ilitupendeza. Aliye chini hupewa njia ya kuinuka.

Na Edmonton walikuwa chini kweli. Timu hiyo imetwaa Kombe la Grey mara 14, ikiwemo miaka 5 mfululizo, tangu 1978 hadi 1982. Walakini mwaka 2021 ilishinda michezo 3 tu kati ya 14, wala haikuonja ushindi hata mara moja mbele ya watu wake. Dada yetu alichoka kumwona mwanawe akirudi shuleni na majonzi kwa kutaniwa na wenziwe. Alituomba tumkanye kijana asiendelee kuitumainia timu ya kushindwa, asije akazoea kushindwa naye.

Ombi la mzazi si jambo la kupuuzwa, basi tukataka kwanza kuyajua majina yenyewe. Kwa zamu ya 4 walikuwa wamemchagua Enoch Makonzo, mlinzi aliyesomea chuo cha Coastal Carolina, Marekani. Kwa zamu ya 8 wakamchagua Tre Ford wa Chuo Kikuu cha Waterloo. Huyu ni kwotabeki, yaani yule mpangaji ambaye kila shambulizi hupitia mikononi mwake. Mwaka 2021 alikuwa ametunukiwa tuzo ya Hec Crighton, apewayo mchezaji bora wa vyuo vikuu vya Kanada. Hata hivyo wengi walimtilia shaka, kwa kuwa nafasi hiyo katika ligi yao hushikwa zaidi na Wamarekani.

Tulimpa mpwa wetu maswali matatu ya kumpimia kijana yeyote aliyechaguliwa. La kwanza, huko alikotoka amefanya nini? La pili, alichonacho ndicho kinachohitajiwa hapa anapokuja? La tatu, je, waliomchagua watampa muda na nafasi? Mawili ya mwanzo aliyajibu vyema, kwa ushahidi. La tatu akanyamaza, maana jawabu lake halikuwa kwa kijana. Lilikuwa kwa wakubwa zake. Tukamwambia dada yetu amwache mwanawe atumaini, maadamu anatumaini kwa hoja. Tukamwekea mpaka mmoja tu: asithubutu kutia hata senti katika kamari ya matokeo. Kutumaini ni ibada njema ya moyo, na kamari ni haramu.

Mambo yalikwendaje? Tarehe 1 Julai 2022 Ford alianzishwa kwa mara ya kwanza, ugenini Hamilton, na timu yake ikashinda 29 kwa 25. Mchezo uliofuata akaumia. Msimu wa 2023 ulipofunguliwa aliwekwa akiba nyuma ya wenziwe, na Edmonton wakapoteza michezo 9 ya mwanzo. Mwezi wa Agosti ndipo alipopewa tena nafasi. Tarehe 17 wakawashinda Hamilton. Tarehe 27 wakawashinda Ottawa 30 kwa 20, tena nyumbani kwao, katika uwanja wa Commonwealth. Siku hiyo ilikatika silisila ya kushindwa nyumbani mara 22 mfululizo. Zilikuwa zimepita siku 1,415 tangu ushindi wao wa mwisho hapo, mwezi wa Oktoba 2019.

Hatutaki kukuza jambo kupita kiasi. Msimu huo Edmonton walimaliza na ushindi 4 kati ya michezo 18, na kijana mmoja peke yake hawezi kuibeba timu nzima. Lakini tazameni hili: kijana aliyeikata silisila ile hakuletwa kutoka nje. Alikuwa papo hapo, ameketi benchi, huku watu wakilia kwamba hapana wa kuwaokoa.

Dini yetu imetutangulia katika fundisho hili. Mtume wetu (s.a.w.) alimteua Usama bin Zayd (r.a.) kuliongoza jeshi hali yu kijana mdogo, na ndani ya jeshi hilo mna masahaba wakubwa. Wapo walionung’unika. Mtume akausimamia uteuzi wake na akashuhudia kwamba Usama anafaa. Na baada ya Mtume kufariki, Abu Bakr (r.a.) alikataa kumbadilisha, akalituma jeshi likiwa chini ya amiri yule yule. Huko ndiko kuchagua kulikokamilika: kumteua kijana, kisha kusimama naye wakati maneno yanapokuwa mengi.

Enyi wazazi wenzetu, na hasa nyinyi akina mama mnaowaona wana wetu asubuhi na jioni, sisi pia tunachagua. Kijana tunampeleka hifdhi, binti tunampeleka chuo, mwingine tunamkabidhi duka. Miezi miwili haijatimia, akikosea mara moja, twasema hafai, tena twalisema akiwa anasikia. Swali la kwanza na la pili twawauliza wao kila siku. La tatu ni letu, na Mwenyezi Mungu atatuuliza sisi: je, tuliwapa muda na nafasi, au tuliwaweka benchi kisha tukalalamika kwamba nyumba haina mtu?

Wabillahi tawfiq.