Mikopo ya Vikundi: Je, Sisi Walimu Tuna Jibu?



Ndugu zetu katika Uislamu, hapa Buyenzi akina mama wengi wameanza biashara kwa mkopo wa kikundi: watano wanadhaminiana, mmoja akishindwa wanne wanamlipia. Njia hii ilipata sifa kwa Profesa Muhammad Yunus wa Bangladesh, ambaye mwaka 1976 alikopesha watu 42 dola 27 za mfukoni mwake. Tatizo ni riba inayodaiwa juu ya mkopo. Sisi walimu tunasema darsani kwamba riba ni haramu, kisha tunakwenda zetu nyumbani.

Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliungua. Mama wa mwanafunzi wetu mmoja alipoteza vitenge vyake vyote. Deni halikuungua. Wenzake wakamlipia, wakaacha kumsalimia, na mtoto akaacha chuo kwa aibu. Alipotujia tukamkumbusha aya ya 280 ya Suratul Baqara, kwamba mdaiwa mwenye dhiki apewe muda. Akatujibu, "Maalim, hiyo wasomeeni wanaonidai."

Tulinyamaza. Tulikuwa na aya, hatukuwa na faranga.

Ndipo tukaanzisha sanduku la qardhul hasan. Kila mzazi hutoa faranga 1,000 kwa wiki. Mkopaji hurudisha kile kile alichochukua, na akipatwa na msiba husubiriwa. Ni pesa za beseni la ndagala, si za duka. Wawili wamechelewa kulipa, na mmoja wao (Allah atusamehe dhana) tunaona anafanya makusudi. Ufunguo anao yule mama wa vitenge.