Neno la Baba kwa Mwanawe

Mwisho wa juma lililopita mvua ilitufungia nyumbani tangu Jumamosi asubuhi hata Jumapili jioni, nasi tukasoma vitabu vitatu. Swali la binti yetu ndilo lililotusukuma. Ijumaa usiku alituuliza: "Baba, babu alipokuwa mtoto alikuwaje?" Tukanyamaza. Sisi tufundishao watoto wa watu habari za wafalme wa mbali, hatukuwa na neno juu ya utoto wa baba yetu wenyewe.

Kitabu cha kwanza ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichopigwa chapa mwaka 1934. Chaeleza jinsi watu walivyotekwa bara na kuuzwa, na jinsi waliookolewa walivyokalishwa Freretown, karibu na Mombasa, mahali palipoanzishwa na wamisheni mwaka 1875. Baba wa mwandishi alikuwa mmoja wa waliotekwa. Fikirini, ndugu: mambo hayo mtu angependa kuyasahau. Lakini mzee yule aliyanena, mwanawe akayasikia, akayaandika. Na leo hata asiye wa ukoo wao ayajua.

Cha pili ni Maisha Yangu cha Shaaban Robert, cha mwaka 1949. Mwandishi alikuwa karani wa serikali, mtu wa kazi nyingi; tena alifiwa na mkewe. Walakini aliwatungia watoto wake tenzi mbili za maonyo: Hati kwa binti yake, na Adili kwa mwanawe wa kiume. Hapo tuliona haya. Wengi wetu twadhani wajibu wa baba ni karo na nguo, na maneno ni kazi ya mama. Hata methali twaigeuza kuwa udhuru: "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu." Je, baba yu wapi?

Cha tatu ni utenzi wa Mwana Kupona, aliomtungia binti yake mwaka 1858. Mumewe alikuwa amekwisha kufa, na yeye mwenyewe mgonjwa. Hakungoja kupona ndipo anene.

Tulipofika hapo tulifunga kitabu. Baba yetu naye aliugua, nasi tulikuwa mbali kwa kazi ya kufundisha. Tulipofika, ulimi wake ulikuwa umekwisha kuwa mzito. Alitushika mkono tu. Hatumlaumu. Alilelewa katika desturi ya kwamba mtoto hamhoji mzee, nasi hatukumhoji hata tulipokuwa watu wazima. Kosa ni letu pia.

Jumapili jioni tulimwita binti yetu, tukamwambia hayo machache tuyajuayo: kwamba babu yake alikuwa na kovu mguuni, na kila alipoulizwa alicheka, akasema ni ujinga wa utoto. Mtoto akauliza, "Ujinga gani?" Hatukuweza kumjibu. Lakini shangazi yetu, dada yake mkubwa, yu hai bado. Tumekubaliana kwenda kwake shule zikifungwa, sisi na binti yetu, na daftari mkononi.

Na wewe, baba usomaye haya, usingoje ugonjwa. Leo jioni, chakula kikiisha, mwite mwanao, wa kiume au wa kike, umweleze ulikotoka.